Tom Mboya, ndege za wanafunzi na karo ya watoto wetu

Kila ifikapo tarehe 5 Julai, Tom Mboya hukumbukwa kwa namna alivyouawa. Huelezwa barabara, duka la dawa, risasi, na lile swali la nani aliyemtuma muuaji. Ni haki akumbukwe hivyo. Lakini mimi, niliyefundisha shule za upili hapa Pwani kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu, humkumbuka zaidi msimu wa barua za kuitwa vyuoni, wazazi wanapoanza kubisha hodi kwenye milango ya wakubwa. Mboya alikuwa kijana aliyekatizwa masomo kwa kukosa pesa, akaja kuwa mtu aliyezunguka dunia akiwatafutia wenzake nafasi na nauli. Maisha yake yana somo kwetu sisi ambao bado twaichukulia karo ya chuo kuwa jambo la kuchangishana.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la mzungu. Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Awuor, walikuwa Waluo wenye asili ya kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, waliofika huko kwa sababu ya kazi. Baba alikuwa msimamizi wa vibarua shambani. Kwa hivyo Tom alikulia kati ya Wakamba na Wakikuyu, akazijua lugha zao, akaijua ya kwao, na Kiswahili akakimudu vizuri. Kilimfaa sana baadaye alipoanza kusimama mbele ya wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi, wakiwemo wa Mombasa.

Alisoma shule za wamishenari: Kabaa huko Ukambani, kisha Yala huko Nyanza, na mwaka 1946 akaingia Mang'u. Kichwa alikuwa nacho. Tatizo lilikuwa mfukoni mwa baba, aliyekuwa na mshahara mdogo na watoto wengine waliokuwa wakimfuata Tom. Ilipofika mwisho wa 1947 hakuweza kuendelea. Akatafuta mafunzo ambayo hayangemdai baba yake karo, akayapata Kabete, kwenye chuo cha wakaguzi wa afya. Alianza 1948 na kumaliza baada ya takriban miaka mitatu.

Hapo naomba msomaji asimame kidogo. Kijana aliyekosa karo ya sekondari alipata ujuzi wake wa kwanza kwa sababu palikuwa na mafunzo yaliyolipiwa. Serikali ya kikoloni haikufanya hivyo kwa huruma. Ilihitaji wakaguzi wa afya, na ilijua kwamba ukimhitaji mtu, humlipia afunzwe. Hesabu hiyo mkoloni aliifahamu. Alichokataa ni kuifanya kwa Mwafrika aliyetaka kuwa daktari, mhandisi au mwanasheria.

Mwaka 1951 Mboya aliajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Alikuta mkaguzi Mwafrika akilipwa takriban sehemu moja kwa tano ya mshahara wa mzungu kwa kazi ileile. Akaingia katika harakati za chama cha wafanyakazi, na kufikia 1953, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya. Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, viongozi wamefungwa, na sauti iliyobaki ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi.

Ndipo jina lake lilipofika kwetu. Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, maelfu yao, na shughuli za gati zikasimama. Mboya aliteremka Mombasa, akazungumza na wagomaji, akawashawishi warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa, kisha akasimama kuwatetea mbele ya jopo la usuluhishi. Walipata nyongeza ya mshahara ya karibu theluthi moja. Kwa familia za bandarini wakati ule, nyongeza kama hiyo ndiyo iliyoamua kama mtoto atapelekwa shule au atabaki nyumbani. Mboya alikuwa na miaka 24.

Mwaka huohuo wa 1955 alipata ufadhili wa kwenda kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza. Aliporudi aligombea kiti cha Nairobi katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambao Waafrika walipiga kura kuchagua wajumbe wao wa baraza la kutunga sheria, akashinda. Desemba 1958, huko Accra, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima ulioandaliwa chini ya Kwame Nkrumah. Alikuwa na miaka 28. Hakuwa na shahada.

Nalitaja hilo la shahada kwa sababu lilikuwa likimkera, wala si kwa ajili yake peke yake. Uhuru ulikuwa unakuja, na nchi haikuwa na watu wa kuiendesha. Katika Afrika Mashariki chuo kikuu kilikuwa Makerere, huko Uganda, na nafasi zake ziligawanywa kwa nchi kadhaa. Nairobi palikuwa na chuo cha ufundi cha kifalme kilichofunguliwa 1956. Waliofaulu walikuwa wengi kuliko viti, na serikali ya kikoloni ilisema viti hivyo vyatosha.

Sisi wa Mombasa tuna mfano wetu wa kipindi hicho. Marehemu Profesa Ali Mazrui alimaliza shule akiwa na cheti cha daraja la tatu, Makerere ikamkataa, akawa karani katika ile taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba Gavana Philip Mitchell alimsikia akihutubia kwenye Maulidi, na kutoka hapo njia ikaanza kufunguka. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza kwa ufadhili wa serikali, akamalizia sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Manchester, na baadaye akarudi kufundisha palepale Makerere palipomkataa. Ni hadithi ya kujivunia. Lakini najiuliza kila mara: na wale ambao gavana hakupita siku waliyohutubia?

Mboya hakutaka elimu ya Wakenya ingoje gavana apite. Alikuwa amezuru Marekani mara ya kwanza 1956 na kufahamiana na mfanyabiashara mmoja kijana, William Scheinman, aliyeanza kumsaidia kuwapeleka wanafunzi wachache. Aprili 1959 alirudi huko kwa ziara ya wiki kadhaa. Alihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, akakutana na Martin Luther King, na kila alipokwenda aliomba kitu kimoja: nafasi za masomo. Vyuo vingi viliitikia. Kisha likaja swali la nauli, maana nafasi ya chuo iliyo ng'ambo ya bahari haimfai mtu asiyeweza kuvuka.

Basi Mboya na marafiki zake wakaunda shirika la kuchangisha nauli. Mwanamuziki Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson waliweka majina yao kwenye barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Nyumbani Mboya alisaidiana na Dk. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri kuchagua wanafunzi, na familia zikauza mifugo na mazao ili mtoto apate nguo na pesa za mkononi. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwafikisha New York wanafunzi 81. Wengi wadhani baba yake Rais Barack Obama alikuwa ndani ya ndege hiyo. Hakuwamo. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa njia nyingine.

Mwaka uliofuata waombaji waliongezeka, na nafasi zilizopatikana vyuoni zilihitaji ndege kadhaa. Pesa za wasamaria hazikutosha. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani iliombwa isaidie, ikakataa. Uingereza nayo haikuupenda mpango huo tangu mwanzo, na maofisa wake walizibeza shahada za Marekani.

Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port, kwenye nyumba ya familia ya Seneta John Kennedy, aliyekuwa ameteuliwa kugombea urais. Alimweleza shida ilivyo. Wakfu wa familia hiyo, uliopewa jina la kaka yake seneta aliyekufa vitani, ukatoa dola 100,000. Habari zilipowafikia watu wa Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy, wizara ileile iliyokataa ikajitokeza ghafla na kusema iko tayari kutoa kiasi hichohicho. Jambo hilo likawa mjadala mkali katika Seneti yao mwezi Agosti. Wanafunzi wakasafiri. Miongoni mwa walioondoka mwaka huo ni msichana wa Nyeri, Wangari Muta, aliyekwenda kusoma katika chuo cha Kikatoliki huko Kansas. Ulimwengu ulikuja kumjua kama Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004.

Kati ya 1959 na 1963 karibu wanafunzi 800 kutoka Afrika Mashariki na nchi jirani walivuka kwa mpango huo. Waliporudi wakawa walimu wa vyuo, makatibu wa wizara, madaktari, mawaziri. Nchi ilipata faida kubwa kuliko zile nauli.

Sasa nisemelo ni hili. Mpango ule ulikuwa mzuri, na ulikuwa na mapungufu ambayo hakuna mchango wowote wa hiari ungeyaondoa. Ulitegemea mtu mmoja mwenye ulimi na marafiki. Ulitegemea uchaguzi wa nchi ya watu. Wanafunzi wengi walifika wakiwa wamelipiwa masomo tu, ikabidi waoshe vyombo na kufagia mabweni ili wale. Na majina mengi kwenye orodha za ndege zile yalikuwa ya Mkoa wa Kati na Nyanza. Sisemi Mboya aliitupa Pwani kwa makusudi. Nasema pesa ya hiari hufuata njia inayoijua: humfikia kwanza aliye karibu na mlango, aliyesikia habari mapema, aliye na jamaa wa kumpeleka.

Baada ya uhuru hesabu ilibadilika, na hilo ndilo husahauliwa. Serikali ya Kenya ilichukua mzigo. Mwanafunzi aliyeingia chuo kikuu miaka ya sitini alisomeshwa kwa pesa za umma, naye akatakiwa aitumikie serikali angalau miaka mitatu baada ya kuhitimu. Mboya alikuwa ndani ya serikali hiyo, kama waziri wa leba, kisha wa haki na katiba, na tangu 1964 waziri wa mipango ya uchumi. Hati ya serikali nambari 10 ya mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, iliyotoka mikononi mwa wizara yake, iliiona elimu kuwa jambo la uchumi zaidi kuliko huduma ya kijamii. Kwa maneno ya mtaani, kumsomesha kijana ni kupanda mnazi.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Hati hiyohiyo ilisema pesa za maendeleo zielekezwe kwanza mahali zitakapozaa haraka. Pwani, Kaskazini na kwingineko tumelia na maneno hayo kwa zaidi ya nusu karne, kwa sababu aliyekuwa nyuma aliachwa nyuma zaidi. Lawama hiyo Mboya hawezi kuikwepa. Lakini hoja yake kuhusu elimu yaweza kutumika kuisahihisha hoja yake kuhusu maeneo: mwanafunzi wa Kipini akisomeshwa huzaa matunda sawa na mwanafunzi wa Kiambu. Anachohitaji ni kufikishwa darasani.

Mboya hakuishi kuona mpango wa uhuru ukibadilika. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38, akazikwa Rusinga. Mwaka 1974 serikali ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu, mikopo ambayo ilishindwa kuikusanya ipasavyo. Mwaka 1991 wanafunzi wakaanza kutozwa karo. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ambayo vijana wetu wote waijua. Tangu 2023 kumekuwa na mfumo mwingine unaowagawa wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia, nao umepingwa mahakamani. Kila hatua ya safari hiyo imeongeza kidogo mzigo wa mzazi.

Na mzazi wa Pwani huubebaje? Huchapisha kadi za mchango. Huenda kwa diwani, kwa mbunge, kwa ofisi ya kaunti, akiwa na fomu za basari mkononi. Niliwahi kumwandikia barua mvuvi mmoja ambaye binti yake alikuwa ameitwa kusomea uuguzi. Alizunguka na barua hiyo ofisi tatu kwa muda wa wiki sita. Alichopata mwishoni ni hundi ya shilingi elfu tano, akaambiwa ashukuru, na tayari muhula ulikuwa umeanza. Binti alijiunga mwaka uliofuata, baada ya baba kuuza mashine ya mashua. Leo binti ni muuguzi, na baba huvua kwa mashua ya mwenzake.

Msinielewe vibaya. Kuchangiana ni utu wetu, na nyumba nyingi za hapa zimesimama kwa mchango wa jirani. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga hawakukosea. Lakini karo ya miaka minne, pamoja na kodi ya chumba na chakula, ni magunia. Tena mchango humfikia mwenye jamaa wengi, na basari ya mwanasiasa humfikia anayejulikana na wanasiasa. Yatima wa Faza au mtoto wa mfugaji wa Bura huenda hana hata mmoja wa hao. Pesa ya umma iliyopangwa kwa sheria ndiyo peke yake inayoweza kumfikia bila kumuuliza ni mtoto wa nani.

Wako watakaosema serikali haina pesa, na kwamba aliyesoma hupata mshahara, kwa hivyo alipe mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Alipe, akishapata kazi, kwa mkopo usiomnyonga. Ila huwezi kumdai mtu matunda ya mti uliokataa kumsaidia kuupanda. Na hiyo pesa isiyokuwepo tayari imetawanywa: huku basari ya eneo bunge, huku ya kaunti, huku mkopo, huku ufadhili, kila mfuko na fomu yake, kila fomu na mhuri wa chifu. Mzazi hutumia nauli kuzifuata zote.

Kwa hivyo tunapokutana na wanaotuomba kura, naomba tuwaulize mambo matatu. Kwanza, watapigania pesa za wanafunzi zitoke kabla muhula haujafunguliwa? Pili, watakubali basari zote ziunganishwe katika mfuko mmoja, na majina ya waliopewa na kiasi walichopewa yabandikwe hadharani katika kila wadi? Tatu, watahakikisha hesabu ya mahitaji inajumlisha nauli na malazi ya anayetoka Lamu au Tana River kwenda kusoma Nairobi au Eldoret, maana gharama yake hailingani na ya anayelala kwao?

Mboya alikwenda kuomba kwa matajiri wa ng'ambo kwa sababu serikali iliyomtawala haikuwa yake. Alipopata serikali yake, ililipa. Sisi serikali tunayo, twaichagua kila baada ya miaka mitano, na ushuru twaulipa kila tununuapo sukari. Atakayekuja kwako na hundi ya elfu tano mbele ya kamera, mshukuru kwa adabu, kisha muulize alipigaje kura siku bajeti ya elimu ya juu ilipofika Bungeni.